Mpiga Picha wa Mowbray

Baba yangu alikuwa na studio ya picha Ng'ambo, Unguja. Tuliishi kwa picha za pasipoti, za harusi na za watoto waliotimiza arubaini. Aprili 1986, wakati wa masika, alingoja usiku ambao mawingu yangefunguka, akabeba kamera yake ya kazini na stendi, akaenda Bububu kuipiga picha kometi ya Halley, ile nyota ya mkia inayorudi kila baada ya miaka 76 hivi. Aliiacha lenzi wazi kwa dakika 20. Aliposafisha filamu, nyota zote zilitoka kama mistari, na kometi yenyewe ikawa doa la ukungu lililovutika. Mama aliitazama ile picha akasema, "Wewe umepiga mvua."

Baba alicheka, ila negativu hakuitupa. Aliitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na nyingine alizozithamini. Alipofariki, chumba cha studio kilitakiwa, na mimi ndiye niliyeyatoa makasha yake nikayaweka uani usiku mmoja, nikidhani asubuhi ningepata gari. Mvua ikanyesha. Filamu ziligandana, hata moja haikubanduka.

Kwa miaka mingi sikumsimulia mtu. Nilichofanya ni kusoma. Nilitaka kujua kama baba alikuwa mpuuzi kudhani kamera ya kupigia maharusi inaweza kushika kometi. Jibu nililipata katika mwaka 1858.

Mwaka huo kometi ya Donati iling'aa sana katika anga la kaskazini. Septemba 27, William Usherwood, msanii na mpiga picha wa Surrey, Uingereza, aliielekezea kamera yenye lenzi ya kupigia sura za watu, akaifungua kwa sekunde 7. Siku hizo kioo kilipakwa dawa ya kolodioni, nacho kilipaswa kutumika kingali kibichi, kwa hiyo alikuwa na dakika chache tu. Alifanikiwa. Usiku uliofuata, George Bond wa kituo cha kutazamia nyota cha Harvard, Marekani, alijaribu kwa darubini kubwa na kwa dakika 6, akapata kiini cha kometi bila mkia. Lenzi ya studio hupokea mwanga mwingi katika eneo pana, na kwa kitu hafifu kilichotanda angani, hilo lina faida kuliko ukubwa wa darubini. Picha ya Usherwood, ya kwanza ya kometi duniani, ilipotea. Tunaijua kwa maandishi tu. Niliposoma hapo niliifunga kompyuta, nikatoka nje kidogo.

Habari ya pili ilitokea Afrika. Septemba 1882, kometi kubwa ilionekana Rasi ya Tumaini Jema, iking'aa hata ikaonekana mchana kando ya jua. Mkuu wa kituo cha falaki cha huko alikuwa David Gill, Mskochi aliyekuwa mtengenezaji wa saa kabla ya kuwa mwanafalaki. Alisikia kwamba wapiga picha wa mitaani wameipata kometi kwenye vioo vyao. Yeye hakuwa na ujuzi wa kusafisha picha, akamwomba msaada Allis, mpiga picha wa kijiji jirani cha Mowbray. Kamera ya Allis ilifungwa juu ya darubini iliyozungushwa na mashine ya saa ili iende pamoja na anga. Sahani kavu zilikuwa zimeshaanza kuuzwa, kwa hiyo haikuwa lazima kukimbizana na dawa inayokauka. Gill aliweka jicho kwenye darubini na kuishikilia kometi mahali pake kwa nusu saa, na usiku mwingine kwa zaidi ya saa mbili.

Mashine ya namna hiyo ndiyo aliyoikosa baba. Dunia inazunguka, na kamera iliyosimama tuli kwa dakika 20 itachora mistari tu.

Picha za Rasi zilionyesha mkia wa kometi vizuri. Ila kilichomshangaza Gill kilikuwa nyuma yake: nyota nyingi mno, ambazo hakuna aliyekusudia kuzipiga. Aliona kwamba kamera inaweza kuorodhesha nyota haraka kuliko jicho. Kuanzia 1885 anga la kusini lilipigwa picha sahani kwa sahani. Msaada wa fedha ulipokatwa, Gill aliendelea kwa fedha zake mwenyewe. Jacobus Kapteyn alizipima sahani hizo Groningen, Uholanzi, kwa miaka kadhaa. Orodha ilipokamilika mwaka 1900 ilikuwa na nyota 454,875. Yote hayo yalianzia kwenye kamera ya mtu ambaye siku nyingine alikuwa akiwaambia wateja wake wakae wima.

Oktoba 15, 2024, nilikwenda Mangapwani. Kometi ya Tsuchinshan-ATLAS ilikuwa imepita karibu nasi siku tatu kabla, umbali wa kilomita milioni 70 hivi. Iligunduliwa mwaka 2023 na kituo kimoja cha China na darubini iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, katika nchi ileile ya Gill na Allis. Jua lilipozama Zuhura ilitokea juu ya bahari, na kulia kwake ukaonekana mstari mweupe. Mwezi ulikaribia kuwa mpevu nyuma yangu, ukalififisha anga. Nilipiga picha nyingi za sekunde 4 nne, baadaye nikazipanga kwa programu ya kompyuta juu ya nyingine, nyota juu ya nyota. Kazi ya ile mashine ya saa sasa hufanyika mezani.

Nyumbani nilichapisha picha moja kwenye karatasi, nyingine nikampelekea dada yangu aihifadhi. Mama, macho yake sasa hafifu, aliishika karibu na taa kwa muda mrefu.

"Hii mvua imekatika," alisema.

Nyuma yake niliandika tarehe, mahali na jina langu. Chini yake nikaandika: Bububu, Aprili 1986, dakika 20, na jina la baba.