Mvua ya Kalehe: mlima ulikwisha kuonya

Siku ya alhamisi, tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu, wilaya ya Kalehe. Mvua kali ilinyesha milimani. Mito ikafurika, ikateremka na matope, miti na mawe hadi Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Maiti kadhaa zilipatikana zikielea ziwani, upande wa kisiwa cha Idjwi. Tarehe 8 nchi nzima ilishika siku ya maombolezo.

Haikuwa mvua ya Kalehe peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 130 huko Rwanda. Mwezi mmoja mbele, tarehe 2 mwezi wa 4, udongo uliporomoka hapa Masisi na kuua karibu watu 20, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wakifua nguo mtoni.

Miezi hiyo ni ya mvua nyingi kwetu. Hewa yenye unyevu hupanda mlima, hupoa na kugeuka mawingu. Maji yakikuta miti, udongo huyanywa polepole. Yakikuta mlima uliokatwa miti kwa ajili ya makala na mashamba, huteremka yote mara moja.

Lakini mambo haya yalikuwa na historia. Mwezi wa 10, 2014, mafuriko yalikwisha kupiga vijiji hivyo hivyo na kuua makumi ya watu. Kwa nini watu walibaki? Si kwa sababu ya ujinga. Milima ya Kalehe ni mikali, na mahali mto unapoingia ziwani ndipo panapopatikana uwanja tambarare, udongo wenye rutuba, barabara, samaki na soko. Uwanja huo uliletwa na mto wenyewe, mafuriko baada ya mafuriko. Anayejenga pale amejenga katika njia ya maji.

Jambo hili linagusa familia zilizokimbia vita kuja Kashebere na vijiji vya jirani. Mkimbizi hachagui sana. Anapewa kiwanja ambacho wenyeji hawakukitumia, na mara nyingine kuna sababu ya kutotumika. Kabla ya kusimamisha nyumba ya miti na hema, ni vema kuuliza wazee: maji ya mwaka ule yalipita wapi? Mawe makubwa ya mviringo yaliyotawanyika kwenye tambarare ni jibu pia, kwa sababu mto ndio uliyaleta.

Waliokufa Kalehe hawatarudi. Lakini wanaouliza leo wanaweza kulala salama mvua ikirudi mwezi wa 9.