Ufa wa Koyna na hesabu zilizofuata

Ukuta wa bwawa la Koyna ulipasuka mahali ambapo hesabu za waliousanifu hazikuonyesha hatari. Ilikuwa alfajiri ya Desemba 11, 1967, saa kumi na ushei, katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Tetemeko liliangusha nyumba za mji wa Koynanagar na kuua watu zaidi ya 170. Ukuta wa zege, wenye kimo cha mita 103, ulibaki umesimama ukizuia ziwa lake. Hata hivyo ulikuwa na nyufa za mlalo, upande wa maji na upande wa bondeni, hasa karibu na kimo cha mita 66, pale ambapo mgongo wake unaacha mteremko ghafla na kupanda karibu wima.

Eneo lile lilihesabiwa kuwa tulivu. Mitetemo ilianza kusikika baada ya maji kuanza kujazwa bwawani mwaka 1962. Afrika nayo iliyaona hayo: ziwa Kariba lilipokuwa likijaa, matetemeko makubwa yalilitikisa bonde la Zambezi mnamo Septemba 1963.

Waliosanifu Koyna walifuata desturi ya wakati wao. Waliuchukulia ukuta kuwa jiwe moja lisilopinda, wakakadiria msukumo wa tetemeko kuwa asilimia 5 ya uzito wake, kisha wakahakikisha kwamba hautapinduka wala kuteleza. Lakini chombo cha kupimia mtikisiko kilichokuwamo kwenye ujia ndani ya ukuta wenyewe kilinasa mchapuko uliofikia karibu nusu ya ule wa uvutano wa dunia kuelekea mtoni, na 0.63 kwa kufuata urefu wa ukuta.

Udogo wa makadirio ulikuwa sehemu tu ya kosa. Kubwa zaidi lilikuwa kudhani kwamba kilele na kitako hutikisika sawasawa. Ukuta hupinda kama mlingoti wa jahazi: shina hucheza kidogo, ncha hupiga huku na huko. Kilele kikirushwa, sehemu iliyo chini yake hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Zege huvumilia sana kubanwa. Likivutwa, hukatika upesi.

Maji nayo hayakai kimya. Mwaka 1933, bwawa la Hoover likijengwa Marekani, Harald Westergaard alionyesha namna ya kukadiria shinikizo la maji hayo: hesabu kiasi fulani cha maji kana kwamba kimegandamana na uso wa ukuta na kutikisika pamoja nao. Kanuni hiyo fupi ilitumika kwa miongo mingi, nami naiheshimu, maana iliwapa wahandisi pa kuanzia kabla ya kompyuta. Ila Westergaard alidhani ukuta haupindi.

Kompyuta ndizo zilizofungua njia. Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliipa jina mwaka 1960 mbinu ya kuukata ukuta, katika hesabu, kuwa vipande vidogo vinavyosukumana na kuvutana. Muda mfupi baadaye, yeye na Edward Wilson waliitumia kuchunguza bwawa la Norfork, Arkansas, lililokuwa na ufa. Mwaka 1973 Anil Chopra na P. Chakrabarti walichukua rekodi ileile ya Koyna, wakaupitisha mtikisiko wake katika mfano wa ukuta. Mvutano mkubwa kuliko uwezo wa zege ukajitokeza pale mteremko unapovunjika, kwenye nyuso zote mbili. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa majibu mazuri kabisa katika historia ya uhandisi, kwa sababu ukuta ulikuwa umekwisha kulitoa. Hadi leo, anayetunga programu ya kufuatilia nyufa za zege mara nyingi huijaribu kwa Koyna. Bwawa lenyewe liliongezewa nguzo nene za zege upande wa bondeni.

Msingi ndio uliosumbua zaidi. Mwamba hauna mwisho, lakini kompyuta inataka mpaka. Ukiukata mwamba na kuufunga pembeni, mawimbi hugonga mpaka na kurudi ukutani, jambo lisilotokea ardhini. Wengi walikwepa hilo kwa kuhesabu mwamba unaobonyea ila hauna uzito. Njia hiyo ni nyepesi, lakini inasahau kwamba ukuta unaotikisika hupeleka sehemu ya nguvu zake mwambani zikaenda zisirudi. Mwaka 1984 Gregory Fenves na Chopra walitoa programu ya EAGD-84, iliyoshughulikia ukuta, maji na mwamba kwa pamoja.

Ikabaki hoja ya mtikisiko wenyewe. Katika bwawa la Pacoima, California, tetemeko la Januari 17, 1994 lilipimwa zaidi ya mara 1.5 ya uvutano juu kwenye ukingo wa kushoto, ilhali chini kabisa ya korongo halikufika nusu. Kiungo kati ya ukuta na ukingo huo kilifunguka kwa sentimita 5 hivi. Anayetengeneza mfano wa bwawa la namna hiyo hawezi kuutikisa mwamba wote kwa kipimo kimoja. Lazima aamue kila upande wa korongo upewe mtikisiko gani.