Kofia ya Moshi Jikoni: Je, Inafaa Kugharamiwa?

Kipindi cha 9

  Kama umeinjika sufuria, usiiache ikaungua. Leo mazungumzo yetu yako hapo hapo jikoni.

Mama mmoja wa upande wa Nyando alikuja kliniki na mtoto wake wa miezi kumi na minne. Ilikuwa mara ya tatu mwaka huo mtoto kuugua nimonia. Baada ya kupokea dawa, mama akaniuliza, "Sista, zamu yangu ya chama imefika. Fundi anasema atanitengenezea kofia ya bati ya kukaa juu ya jiko na kutoa moshi nje. Shemeji yangu anayefanya kazi Milimani anasema huko wana mashine ya stima ya kuvuta moshi. Je, nitengenezewe hii ya bati, ama nitakuwa nimemwaga pesa?"

Sikutaka kumjibu haraka haraka. Nilimwomba anipe wiki moja. Majibu niliyompa ndiyo haya ninayowaletea leo, na yanaanza mbali kidogo.

Moshi wa zamani

Wakubwa wetu walipika kwa mawe matatu, na nyumba nyingi za ufuoni mwa ziwa ziliezekwa kwa nyasi. Moshi ulipanda ukatoka polepole kupitia kwenye nyasi na katika nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Moshi huo ulikausha paa, ukafukuza wadudu, ukahifadhi samaki aliyeanikwa juu ya moto. Kwa hiyo tusiwacheke wakubwa wetu. Moshi ulikuwa na kazi yake.

Lakini ulikuwa na madhara pia, ila tu hakuna aliyeyahesabu. Tena tulipoanza kuezeka kwa mabati, wengi wetu tuliziba ile nafasi ya juu ya ukuta ili mvua, popo na wezi wasiingie. Nyumba ikapendeza, lakini moshi ukakosa njia.

Wazungu nao walipitia hayo. Zamani nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa na moto katikati ya chumba, na moshi ulitoka kwenye tundu la paa. Mwaka 1577 mwandishi William Harrison aliandika kwamba wazee wa kijiji chake walistaajabu kuona jinsi mabomba ya moshi yalivyoongezeka katika maisha yao. Kwa hiyo kutoa moshi nyumbani ni jambo ambalo kila taifa limelazimika kujifunza.

Majiko bora yanakuja

Hapa Kenya, miaka ya 1980 ilileta majiko mapya. Kwa watumiaji wa makaa lilikuja jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo leo liko karibu kila mtaa wa Kisumu. Kwa watumiaji wa kuni lilikuja jiko la udongo linalojengewa jikoni, lililoitwa Maendeleo kwa sababu chama cha Maendeleo ya Wanawake kilisaidia kulieneza. Baadaye jiko hilo lilijulikana kama Upesi. Kikundi cha akina mama wafinyanzi cha Keyo, karibu na Kisumu, ni miongoni mwa waliojifunza kulifinyanga na kuliuza.

Jiko la Upesi lilisaidia. Linapunguza kuni na linamkinga mtoto asiungue kama anavyoungua kwenye mawe matatu. Lakini halina bomba. Moshi unaotoka, hata ukiwa mdogo, unabaki pale pale mama na mtoto walipo.

Kofia ya moshi yaingia Kisumu

Hapo ndipo tunafikia kofia yenyewe. Mwaka 1998 shirika la ITDG, ambalo tangu 2005 linaitwa Practical Action, lilianza kazi ya kupunguza moshi katika nyumba 50, nyingine za Wamaasai huko Kajiado na nyingine magharibi mwa Kenya. Wenye nyumba waliulizwa wanataka nini, wakajaribu madirisha makubwa, nafasi juu ya ukuta, majiko bora, na kofia za bati zenye bomba.

Kofia hufanya kazi kwa njia rahisi. Moshi wa moto hupanda kwa sababu ni wa joto. Ukiweka juu yake bati lililokunjwa kama faneli kubwa iliyopinduliwa, na bomba linalopita kwenye paa, moshi hukusanyika na kutoka nje wenyewe. Hauhitaji stima.

Wapimaji waliweka vifaa vya kupima chembe za moshi hewani. Katika nyumba za Kajiado, kabla ya kofia, kipimo cha siku nzima kilizidi maikrogramu 5,000 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Baada ya kofia, moshi ulipungua kwa karibu robo tatu. Katika mambo yote yaliyojaribiwa, kofia ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Basi miaka ya mwanzo ya 2000 kazi hiyo ikaletwa kwetu Kisumu, katika vijiji vya West Kochieng. Mafundi wa jua kali walifundishwa kuzitengeneza, na vikundi vya akina mama vikakopeshana kwa zamu ili kila mmoja apate yake.

Mama, mpaka hapo utasema, "Basi sista, inafaa. Tununue." Ngoja kidogo.

Hesabu ambayo haikuisha

Robo tatu ikitolewa katika 5,000, inabaki zaidi ya 1,000. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema kipimo cha siku nzima kisizidi 15. Mnaona umbali uliobaki?

Mwaka 2001 watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha matokeo kutoka Mpala, Laikipia, ambako walifuatilia nyumba 55. Waliona kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi ndivyo magonjwa ya kifua yanavyozidi. Lakini waliona jambo lingine. Ugonjwa hupanda kwa kasi moshi unapoanza kuongezeka, kisha moshi ukishakuwa mwingi sana kasi hiyo hupungua. Maana yake ni nini kwa mama? Ukitoka kwenye moshi wa kutisha hadi kwenye moshi mwingi tu, faida kwa kifua cha mtoto ni ndogo kuliko unavyotarajia. Faida kubwa inakuja pale moshi unapokaribia kuisha.

Huko Guatemala, watafiti waligawia familia majiko yenye bomba na kufuatilia nyumba 534 kati ya 2002 na 2004. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Nimonia kwa jumla haikupungua kiasi cha kuwaridhisha wataalamu, lakini nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi moja. Malawi nako, katika utafiti wa watoto zaidi ya 10,000 uliochapishwa kati ya 2016 na 2017, majiko ya kuni yenye feni ndogo hayakupunguza nimonia. Hapa kwetu magharibi mwa Kenya, aina sita za majiko bora zilijaribiwa vijijini na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Moshi ulipungua, lakini hakuna jiko lililofikia kipimo cha Shirika la Afya Duniani.

Na gesi je? Utafiti mkubwa wa nchi nne, Rwanda ikiwa mojawapo, uliwapa wajawazito gesi ya kupikia. Moshi ulipungua sana. Hata hivyo matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 hayakuonyesha kwamba nimonia kali ya watoto wachanga ilipungua.

Siwaambii haya ili mkate tamaa. Nawaambia kwa sababu nimechoka kuona mama akijilaumu. Nimonia ina milango mingi: moshi, chakula duni, chanjo zilizorukwa, msongamano wa watu, virusi. Ukifunga mlango mmoja umefanya vizuri, lakini usiache mingine wazi.

Na mashine ya stima?

Turudi kwa ile mashine ya Milimani. Iko ya aina mbili. Ya kwanza ina bomba linalotupa hewa nje ya nyumba. Hiyo inasaidia. Ya pili huvuta hewa, ikaichuja, kisha ikairudisha mle mle jikoni. Hiyo hushika mafuta na kupunguza harufu, lakini haitoi gesi ya sumu inayotokana na moto. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza swali moja tu: hewa inaenda wapi?

Anayepika kwa gesi au stima, mara mbili kwa siku, katika jiko lenye dirisha na mlango unaoelekeana, hana haraka ya kununua mashine. Afungue dirisha anapokaanga. Lakini wale akina mama wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi kutwa nzima, na wale wanaokausha samaki kwa moshi, hao ndio wanaovuta zaidi. Kwao kibanda kilicho wazi pande mbili, au kofia yenye bomba refu, ni kifaa cha kazi sawa na karai.

Jambo moja msilisahau. Makaa hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Usilaze mtoto katika chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa, hata kama mvua inanyesha. Na mafuta ya taa, yawe ya kupikia au ya koroboi, si salama. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri yasitumike nyumbani.

Jibu nililompa yule mama

Wiki ilipoisha alirudi. Nilimuuliza, "Ukinunua mtungi wa gesi leo, ukiisha utaujaza?" Akacheka. "Sista, tuko watu wanane. Ugali wa jioni peke yake utaumaliza." Nikamwambia, "Basi kuni zitabaki kwako kwa muda. Kama zitabaki, kofia inafaa. Lakini itengenezwe vizuri, na usidhani kazi imeisha."

Haya ndiyo tuliyoandika pamoja:

1. Kofia iwe pana kuliko jiko, na ikae chini kiasi cha kukamata moshi bila kukuzuia kusonga ugali. Pande za nyuma na kando zikizibwa, inavuta vizuri zaidi.
2. Bomba lipite juu ya kilele cha paa. Bomba fupi hurudisha moshi ndani upepo wa ziwa unapovuma.
3. Kama paa ni la nyasi, bomba lisiguse nyasi. Fundi asiyejua namna ya kulikinga, asiguse paa lako.
4. Toa masizi kila mwezi. Bomba lililoziba ni pambo tu.
5. Tumia kuni kavu, na funika sufuria. Loweka maharagwe usiku ili yaive upesi.
6. Mtoto asikae mgongoni wala karibu nawe unapowasha moto. Mpe dada au nyanya amkalishe nje.
7. Kamilisha chanjo. Chanjo ya kuzuia nimonia ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011, na mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14.
8. Weka akiba kidogo kidogo ya gesi, hata kama ni ya kuchemsha chai na uji tu.

Kisha nikamwonyesha jinsi ya kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia, kwa dakika moja kamili. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje hata saa moja.

Alitengenezewa kofia. Nilipomtembelea, ukuta wa jikoni ulikuwa umeanza kuonyesha rangi yake ya udongo, na yeye mwenyewe alisema macho hayamtoki machozi tena jioni. Mtoto alirudi kliniki na kikohozi mara moja zaidi, na mama alikuja siku ile ile kwa sababu alikuwa amehesabu pumzi. Siwezi kusema kwamba kofia ndiyo iliyomponya. Naweza kusema tu kwamba alikuja mapema, tukamtibu, akarudi nyumbani jioni hiyo.

Kwa hiyo, mama, ukiulizwa kama kofia ya moshi inafaa, sema inafaa kwa anayepika kwa kuni na hana njia nyingine kwa sasa. Ni daraja la kuvukia, na ng'ambo ya pili ni moto usio na moshi. Kwaherini, na mtunze vifua vya watoto wenu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Jikoni kwako moshi hutokea wapi? Nani hukaa karibu nao zaidi?
2. Kikundi chenu kinaweza kukopeshana vipi ili kila mmoja apate kofia au mtungi wa gesi?
3. Hesabuni pumzi za mtoto mmoja aliye hapa, kwa dakika moja. Je, nyote mmepata idadi sawa?