Mokoto: Maziwa Manne na Swali la Shamba



Katika mikutano yetu jina la Mokoto linarudi kila mara. Mmoja alizaliwa huko, mwingine babu yake alichunga ng'ombe huko, mwingine alipita tu akikimbia. Vijana waliokulia kambini wanajua jina, hawajui mahali. Ndiyo maana tunaandika kidogo historia ya pale, ili mtu anayejitayarisha kwenda kuona, ao kurudi kabisa, ajue anakanyaga wapi.

Njia na maji

Toka Goma unafika Sake, kisha unapanda milima kwa Mushaki na Kilolirwe mpaka Kitshanga. Ni karibu kilometa 80, lakini mvua ikinyesha usihesabu kilometa, hesabu masaa. Huku na huku ni milima ya majani, ng'ombe, mikaratusi, mashamba ya maharagi, viazi na mahindi. Ni nchi ya baridi, kwa hiyo uchukue koti. Ukiacha Kitshanga kwa moto ao kwa miguu, ukapanda vilima tena, ndipo unaona maji yametulia kule chini.

Watu wanasema "ziwa la Mokoto" kama vile ni moja. Kumbe yako manne: Ndalaga, Lukulu, Mbalukia na Mbila. Ndalaga njo kubwa. Mbele ya ziwa Kivu yote ni kama kikombe mbele ya pipa. Yalizaliwa na volkano: mawe ya moto yalishuka toka upande wa Virunga, yakapoa na kufunga mabonde, mito ikakosa pa kupita, maji yakajaa. Udongo wa kandokando ni mzuri, na hapo ndipo furaha na shida ya Masisi vinatoka pamoja.

Nani alipewa na nani

Maziwa haya yako katika sheferi ya Bashali, teritwari ya Masisi. Ni nchi ya bami wa Wahunde. Kwa desturi yao mwami alikuwa mlinzi wa ardhi. Aliyepewa pa kulima alileta mutulo, labda mbuzi, pombe ao sehemu ya mavuno, kuonyesha kwamba anamtambua aliyempa. Mutulo haukuwa bei ya shamba. Mtu aliendelea kulima, na watoto wake pia, bila kuwa amenunua kitu.

Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ikaanza kuleta watu toka Rwanda, kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Wazungu walitaka watu wa kazi kwa mashamba yao, tena walisema Rwanda watu wamezidi na njaa inawaua. Mpaka 1955 wanahesabiwa karibu watu 85,000 walioletwa, Wahutu na Watutsi. Wengi waliwekwa Masisi. Gishari ikafanywa sheferi yao, halafu mwaka 1957 Wabelgiji wenyewe wakaivunja.

Tuangalie vizuri jambo hili. Mhunde aliona nchi ya wazee wake inagawanywa na mgeni mwenye bunduki. Aliyeletwa, naye, aliambiwa na Serikali kwamba hapa ndipo kwake, akafyeka pori, akazika wazazi wake pale. Kila mmoja alisimulia watoto wake yaliyompata, na kila mmoja alisema kweli. Lakini watoto hawakuwahi kuketi pamoja wasikie masimulizi yote mawili.

Karatasi ikazidisha vita

Kisha uhuru, kukaja sheria. Ile ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali. Juu ya mashamba ya desturi, ilisema ordonansi ya Rais itaeleza haki za wenye kuyalima. Ordonansi hiyo ikangojewa miaka makumi. Katika pengo hilo, aliyekuwa na pesa na marafiki kwa ofisi alitoka na hati ya kilima kizima, akaweka waya na ng'ombe. Mkulima akaamka asubuhi anaitwa mvamizi katika shamba la baba yake. Hilo lilipata Mhunde, lilipata Mhutu, na Mtutsi asiye na kitu pia.

Uraia nao ulichezewa hivyo hivyo. Sheria ya 1972 iliwatambua kuwa raia watu waliotoka Rwanda na Burundi waliokaa Kivu toka kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikafuta ile. Asiye na uraia anashika shamba kwa sheria gani? Swali hilo lilikaa kama jiwe ndani ya kiatu, mpaka mguu ukaoza.

Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa kwenye soko la Ntoto, Walikale, na moto ukaingia Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa Kivu, na wenye silaha walikuwa kati yao. Kufika 1996 Wahunde wengi walikuwa wamefukuzwa vijijini, na Watutsi wa Masisi walikuwa wanatafuta pa kujificha.

Wengine walikimbilia kwa monasteri ya Mokoto, iliyojengwa juu ya ziwa na watawa wa Trappiste waliotoka Scourmont, Ubelgiji, mwaka 1954. Mnamo Mei 1996 wenye silaha waliwashambulia humo. Mamia ya watu walikufa. Waliobaki wazima wakavuka mpaka, wakaenda Rwanda. Watawa nao wakaacha nyumba yao, wakakaa Goma. Mwaka ule na uliofuata, vita vilipogeuka, raia Wahutu wengi wa Masisi waliuawa pia. Kwa hiyo ukifika kando ya maji na kusema sala, usiseme kwa ajili ya watu wako peke yao.

Kukimbia na kurudi

Toka pale, Mokoto haikukaa kimya. Waliovuka walikaa katika kambi za Rwanda kama Kiziba na Gihembe, na hii ya pili ilifungwa 2021 bado watu hawajarudi kwao. Tarehe 17 Februari 2010 Kongo, Rwanda na HCR walitia saini mkataba wa kurudisha wakimbizi kwa hiari yao. Mwaka 2013 Kitshanga iliungua katika mapigano. Januari 2023 Kitshanga ikaingia mikononi mwa M23, watu wakashuka Goma kulala chini ya bashi. Februari 2025, kisha Goma nayo kuchukuliwa, kambi za kandokando ya mji zikaondolewa, na watu wakapanda tena milima, wengine bila kupenda.

Kila mara hadithi ni moja. Unaondoka, jirani ao mkimbizi mwingine anaingia kwa shamba lako. Naye si mwizi siku zote, mara nyingi amefukuzwa pengine. Analima miaka kumi, anazaa, anazika. Siku unarudi, mko wawili kwa shamba moja, na kila mmoja yuko na shahidi wake.

Sasa tufanye nini

Kwa mwanamemba anayetaka kurudi: kabla ya kubeba mizigo, nenda uone, na ukienda usianzie kwa shamba. Anzia kwa kapita na kwa wazee wa pale. Uliza nani alimpa babu yako, mbele ya nani, na mpaka ulikuwa mti gani ao mto gani. Uliza pia nani alikuwa pale mbele ya babu yako. Ukimkuta mtu ndani, muulize naye alitoka wapi. Mwache avune alichopanda. Mkisikilizana, muandike kwa karatasi mbele ya mashahidi wa kila kabila, kila upande ubaki na kopi. Usimwite mwenye silaha akuamulie. Silaha itaondoka siku moja, jirani atabaki.

Kwa wafadhili wetu: mbegu, majembe na bashi tunavipokea kwa shukrani. Lakini mbegu bila mapatano inapandwa kwa shamba lenye ugomvi, na pengine inaleta ugomvi yenyewe. Tunaomba sehemu ya msaada iende kwa safari za wazee, vikao vya usuluhishi na kupima mipaka. Ni kazi isiyopigwa picha nzuri, lakini bila hiyo mtu anarudi leo na kukimbia kesho. Tena msimsaidie anayerudi peke yake, mkamwacha aliyekuwa anakaa pale. Yule naye akitolewa bila kitu, ndiye atakayekuja kuandikisha jina kwa chama chetu mwaka ujao.

Maziwa yako manne, na nchi ile ilitosha wazee wetu waliojua nani alimpa nani. Tuwaulize wazee waliobaki sasa, wangali wanakumbuka.