Chambo Bandia na Zana za Uvuvi wa Burudani Katika Maji Baridi

Chambo bandia ni kitu cha mbao, chuma, plastiki, mpira au manyoya kilichofungwa ndoano ili samaki mla-nyama akishambulie akidhani ni kiumbe hai. Kinatofautiana na chambo halisi, kama mnyoo, dagaa au kipande cha minofu, kwa kuwa kwa kawaida hakina harufu wala ladha ya kumvuta samaki. Kinachomvuta ni mwendo. Kikitulia majini, chambo bandia hubaki kipande cha mti chenye ndoano. Makala haya yanaeleza vyambo hivyo, mishipi, rili na vifaa vya boti jinsi wavuvi wa burudani wanavyovitumia katika maziwa na mito. Mifano mingi imetolewa katika uvuvi wa sangara (Lates niloticus) wa Ziwa Victoria, samaki ambaye Wakenya wa kandokando ya ziwa humwita mbuta na Waganda mputa.

Mtu akiingia katika duka la zana hizi, kwanza huona rangi: ukuta mzima wa samaki wa plastiki wenye madoa, mistari na macho makubwa. Rangi hizo zimekusudiwa zaidi kumnasa mnunuzi. Swali la kwanza kwa muuzaji ni chambo hiki huenda kina gani, na takriban kila kifaa kinachoelezwa hapa chini kilibuniwa ili kujibu swali hilo.

Chimbuko

Kupamba ndoano si jambo la jana. Mnamo mwaka 200 BK hivi, Aelianus, mwandishi wa Kirumi, alieleza wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoano sufu nyekundu na kuipachika manyoya ya jogoo ili ifanane na mdudu anayeelea mtoni. Vyambo vya viwandani vilianza Marekani. Mwaka 1852 Julio Buel alipata hataza ya chambo cha umbo la kijiko, na inasimuliwa kuwa wazo lilimjia alipodondosha kijiko cha kulia ziwani huko Vermont, akaona samaki akikinyakua kikiwa njiani kwenda chini. James Heddon wa Dowagiac, Michigan, naye anasimuliwa kuwa alikuwa akichonga kipande cha mti, akakitupa bwawani, na samaki akakirukia. Simulizi hizo mbili zinafanana mno, na msomaji ana haki ya kuzitilia shaka. Lakini vijiko vya chuma na samaki wa mbao viliingia sokoni kweli, na umbo lao halijabadilika sana hadi leo.

Chambo kilichosambaa kuliko vyote kilitoka Ufini, mikononi mwa mtu ambaye hakuvua kwa burudani. Lauri Rapala (1905–1974) alikuwa mvuvi wa riziki katika Ziwa Päijänne. Kazi yake ilimlazimu kupachika samaki wadogo kwenye ndoano nyingi, na kwa kukaa juu ya maji siku nzima akagundua jambo: samaki mla-nyama anapoingia katika kundi la samaki wadogo, humwandama yule anayeogelea kombo, kana kwamba ana jeraha. Mwaka 1936 alichonga gamba la mti wa koki kwa kisu cha fundi viatu, akalifunika kwa karatasi ya bati ya kufungia chokoleti. Kwa kuwa hakuwa na vanishi, aliyeyusha negativu za picha na kulipaka ili maji yasipenye. Mbele aliweka ulimi mdogo uliokifanya chambo kiyumbe kushoto na kulia kikivutwa. Baadaye mti wa balsa ulichukua nafasi ya koki.

Umaarufu wake nje ya Ufini ulipanda kwa bahati ya ajabu. Jarida la Life la Marekani lilichapisha habari za chambo hicho katika toleo la tarehe 17 Agosti 1962, toleo lile lile lililobeba picha ya Marilyn Monroe kwenye jalada siku chache baada ya kifo chake. Lilinunuliwa na watu wengi mno, na oda zilizofuata zikaielemea karakana ya Rapala.

Mnyoo wa plastiki laini ulikuja baadaye. Nick Creme alianza kuutengeneza Akron, Ohio, mwaka 1949, na ukapata wapenzi hasa miongoni mwa wavuvi wa besi mdomo-mkubwa (Micropterus salmoides). Samaki huyo Mmarekani aliletwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920, na wapo wanaomvua huko hadi leo.

Chambo kinavyozama

Samaki wa mbao au plastiki mwenye ulimi huelea akiachwa. Akivutwa, maji husukuma ulimi na kumwinamisha kichwa, naye huzama huku mkia ukitikisika. Ulimi mrefu unaoelekea mbele, karibu kulingana na mgongo, hupeleka chambo chini sana. Ulimi mfupi uliosimama hukibakiza karibu na uso wa maji. Vyambo vizito havihitaji ulimi ili vizame, hushuka vyenyewe. Aina ya Rapala iitwayo CountDown hushuka kiasi cha sentimita 30 kwa sekunde, hivyo mvuvi anayehesabu polepole hadi kumi kabla ya kuanza kuvuta anajua kuwa chambo kiko kwenye mita tatu. Kijiko hakina utaratibu huo. Ukipunguza mwendo kinashuka, ukiongeza kinapanda.

Mshipi nao huamua kina. Mshipi mnene husuguana na maji na kuinua chambo, na mwembamba hukiacha kizame. Kuachia mshipi mrefu zaidi nyuma ya boti huongeza kina, lakini hadi kikomo fulani tu. Ukipita hapo, ukinzani wa maji kwenye mshipi hushinda nguvu ya ulimi. Mwendo wa boti ukizidi kasi ambayo chambo kimeundwa kuihimili, chambo hulala ubavu na kuibuka juu kikizunguka hovyo.

Ndiyo maana mvuvi mzoefu hakiachii chambo moja kwa moja. Hukishusha kwanza kandokando ya boti, mita moja au mbili tu, na kukitazama. Mkia ukitikisika sawasawa pande zote mbili, kiko tayari. Kikienda mrama kuelekea kushoto, huchukua koleo na kukipinda kidogo sana kile kipete cha puani kuelekea kulia, kisha hukijaribu tena. Upindo wa unene wa ukucha unatosha. Chambo kilichong'atwa na sangara mmoja mkubwa mara nyingi huhitaji kurekebishwa hivi kabla ya kurudi majini.

Kwa sangara, kina hakitegemei mahali pa chakula pekee. Samaki huyu anahitaji oksijeni nyingi. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40 hivi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka maji yake hujipanga kwa matabaka, ya chini yakiishiwa oksijeni. Pepo za kusi za katikati ya mwaka huyachanganya tena. Matabaka yakiwa yamejipanga, kushusha chambo hadi chini ya maji marefu ni kukipeleka pasipo na samaki. Wavuvi wengi huzunguka miamba na ncha za visiwa, kama vile Rusinga na Mfangano upande wa Kenya au Rubondo upande wa Tanzania, wakikokota vyambo vinavyoenda mita nne hadi nane. Ziwa Tanganyika ni mfano uliopita kiasi: lina kina cha karibu mita 1,470, lakini chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni kabisa. Samaki wote wanaosakwa na mvuvi wa burudani wako kwenye utando wa juu tu.

Ukubwa wa chambo huwashangaza wageni. Sangara wadogo hula uduvi, na wakubwa kidogo hula dagaa na furu, ambao ni samaki wa sentimita chache tu. Hata hivyo vyambo vya sentimita 14 hadi 18 ndivyo vya kawaida, kwa sababu sangara mkubwa hula pia watoto wa sangara wenzake.

Kuhusu rangi, maji hunyonya mwanga mwekundu kwanza. Chambo chekundu kwenye kina cha mita kadhaa huonekana cha kijivu au cheusi. Katika maji ya kijani yenye mwani, kama ya ghuba nyingi za Victoria, mwanga wa kijani na manjano ndio unaopenya mbali zaidi. Maji yakiwa na tope, macho ya samaki hayana kazi kubwa, naye huwinda kwa mstari wa ubavuni, ambao ni kiungo kinachohisi mtikisiko wa maji. Hapo chambo chenye gololi ndani, zinazogonga kikitikisika, kina faida kuliko rangi yoyote.

Mshipi, rili na ufito

Rili yenye meno yaliyozidisha mizunguko ilitengenezwa na George Snyder, fundi saa wa Kentucky, mwanzoni mwa karne ya 19. Ile ya bobini isiyozunguka, ambayo leo wanaoanza hupewa kwanza, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1905. Mbunifu wake, Alfred Illingworth, alitoka katika biashara ya nguo, na alichukua wazo hilo kwenye mashine za kusokota nyuzi.

Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938, ikauondoa mshipi wa hariri. Hunyumbuka, na kunyumbuka huko humsaidia mtu ambaye mkono wake haujazoea mshtuko wa samaki. Mshipi wa kusuka wa polithilini, ulioenea miaka ya 1990, karibu haunyumbuki kabisa na ni mwembamba mno kwa nguvu yake, hivyo chambo huzama zaidi. Wengi hujaza rili kwa mshipi wa kusuka, kisha mbele hufunga mita mbili au tatu za nailoni nene. Sangara hana meno marefu, lakini midomo yake hukwaruza kama tupa na kingo za mashavu hukata. Kwa tigafishi (Hydrocynus) wa mito ya Rufiji na Kilombero, nailoni haifai. Huko hufungwa waya.

Breki ya rili huachia mshipi samaki anapovuta kupita kiwango kilichowekwa. Kanuni ya kawaida ni robo hadi theluthi ya uzito unaokata mshipi: mshipi wa kilo 24, breki ya kilo sita hadi nane. Kipimo hicho huchukuliwa kwa mizani ya ndoano kabla ya safari, kwa sababu mkono hudanganya. Rekodi ya dunia ya sangara inayotambuliwa na IGFA, shirikisho la kimataifa la uvuvi wa burudani, ni samaki wa zaidi ya kilo 104 aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Samaki wa namna hiyo hazuiliki kwa nguvu za mikono.

Boti na vifaa vyake

Ole Evinrude wa Milwaukee alianza kuuza injini yake ya kubandika nyuma ya boti mwaka 1909, na mota ndogo ya umeme ya kusogezea boti kimyakimya ilitengenezwa na kampuni ya Minn Kota mwaka 1934. Kwa kukokota vyambo vya sangara, kasi ya kilomita nne hadi sita kwa saa inatosha. Injini kubwa mara nyingi haishuki hadi hapo bila kukohoa, ndiyo sababu baadhi ya boti hubeba ya pili, ndogo.

Kifaa kilichobadilisha uvuvi huu kuliko kingine ni sona. Kampuni ya Lowrance ya Marekani iliwaletea wavuvi wa burudani sona ndogo mwishoni mwa miaka ya 1950. Kitambuzi chini ya boti hutuma mlio, na mlio hurudi baada ya kugonga kitu. Sauti husafiri karibu mita 1,480 kwa sekunde katika maji baridi, kwa hiyo mlio wa kwenda mita 15 na kurudi huchukua kama sehemu 20 za elfu moja ya sekunde. Kinachorudisha mlio kwa nguvu katika mwili wa samaki ni kibofu chake cha hewa. Wanaoanza husahau kuwa mlio hupanuka ukishuka. Kitambuzi cha nyuzi 20 huona duara la upana wa mita nne hivi kwenye kina cha mita 12, na samaki anayeonekana kwenye kioo anaweza kuwa popote ndani ya duara hilo. Tena, yuko chini ya boti, ilhali chambo kiko mita 30 nyuma.

Mengine ni machache lakini hayaachwi: maboya ya kuvaa, kamba ya kuzimia injini mtu akianguka, nanga yenye kamba ya kutosha, koleo refu, wavu wa kuopolea wenye mdomo mpana, na kikata-waya cha kukata ndoano iliyoingia kidoleni. Dhoruba za Ziwa Victoria huja ghafla, hasa usiku na alfajiri. Fito za kaboni hupitisha umeme, hivyo ngurumo ikisikika hulazwa chini, hazibaki zimesimama kwenye vishikio vyake.

Wavuvi wengi wa burudani humrudisha samaki majini. Aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu hutoka na kibofu kilichofura, na kumwachia hivyo mara nyingi si kumwokoa. Ni afadhali aliwe. Tanzania hairuhusu kuchukua sangara wa chini ya sentimita 50, na mvuvi wa burudani huhitaji leseni kama mvuvi mwingine.

Ziwa Victoria lenyewe limejaa magugu maji, ambayo hujisokota kwenye rafadha, na nyavu za makila za wenye riziki zao, ambazo usiku huonyeshwa na chelezo za madumu tu. Chambo chenye ndoano za meno matatu kikinasa wavu, boti husimamishwa, wavu huinuliwa, na ndoano huchomolewa moja baada ya nyingine. Isipowezekana, kinachokatwa ni mshipi, na chambo huachwa hapo hapo kwenye wavu. Mwenyewe atakikuta asubuhi.