Mtoto wa Panga ya Saidi: Makaburi ya Wawindaji wa Kale na Tumaini la Mwanadamu

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Novemba, Mama Kanisa anapotualika kuwaombea Marehemu wote, lipo swali ambalo waamini, na vijana wa Kipaimara kwa namna ya pekee, hutuuliza sisi mapadre: je, watu walioishi maelfu ya miaka kabla ya Kristo, kabla ya Abrahamu na kabla ya maandishi yoyote, walimjua Mungu? Wapo pia akina mama wanaouliza swali la jirani na hilo kwa sauti ya chini zaidi: mtoto wangu aliyefariki kabla ya kubatizwa yuko wapi? Makala hii inaeleza yale ambayo akiolojia, yaani elimu ya mabaki ya kale, imegundua kuhusu mazishi ya watu walioishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na mizizi, na namna mafundisho ya Kanisa yanavyotusaidia kuyapokea.

Kaburi la Panga ya Saidi

Panga ya Saidi ni pango lililoko katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kilomita zipatazo 15 kutoka Bahari ya Hindi. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza humo mwaka 2010, kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani. Mwaka 2013 vilionekana vipande vya kwanza vya mifupa, na mwaka 2017 watafiti wakalifikia shimo dogo la mviringo, takriban mita 3 chini ya sakafu ya sasa ya pango. Mifupa iliyokuwamo ilikuwa dhaifu kiasi cha kusagika ikiguswa. Kwa sababu hiyo bonge zima la udongo lilifunikwa kwa plasta, likapelekwa Nairobi, na baadaye Burgos nchini Hispania, ambako lilifunguliwa na kuchunguzwa taratibu.

Meno ndiyo yaliyofichua kwamba aliyelala humo alikuwa mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu. Watafiti walimpa jina la Kiswahili, Mtoto. Matokeo yao yalichapishwa Mei 2021 katika jarida la Nature, yakionesha kwamba alizikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Hilo ndilo kaburi la kale zaidi barani Afrika la mwanadamu wa aina yetu linalojulikana hadi sasa.

Je, watafiti wanajuaje kwamba alizikwa, wala hakufia tu pangoni akafunikwa na udongo kadiri miaka ilivyopita? Dalili ni nyingi. Shimo lilichimbwa makusudi, na udongo uliolijaza ulikusanywa kutoka sakafu ya pango. Mwili ulifunikwa mapema na kuozea pale pale, kwa maana mifupa mingi ilibaki katika mpangilio wake. Mtoto alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mifupa ya bega na mbavu ilivyokaa inaonesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa na kubanwa kwa kitu fulani, pengine majani au ngozi, kama sisi tunavyoviringisha sanda. Kichwa nacho kiliinama kwa namna inayodokeza kwamba kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu laini kilichooza baadaye, yaani kwenye mto.

Makaburi mengine ya zamani hizo

Mtoto wa Panga ya Saidi hayuko peke yake. Makaburi ya kale kuliko lake yamepatikana katika Nchi Takatifu. Katika pango la Skhul, kwenye Mlima Karmeli tunaoufahamu kutokana na habari za nabii Eliya, mtu mmoja alizikwa pamoja na taya la nguruwe pori. Katika pango la Qafzeh karibu na Nazareti, kwenye kilima ambacho kadiri ya mapokeo ndipo watu wa mji ule walipotaka kumtupa Bwana wetu chini, alizikwa kijana wa miaka ipatayo 12 au 13 akiwa na pembe za kulungu juu ya kifua. Fuvu lake lina alama ya jeraha baya alilolipata utotoni, ambalo aliishi nalo kwa miaka kadhaa. Makaburi ya Qafzeh yana umri wa takriban miaka 90,000 hadi 100,000.

Inafaa pia tukumbuke kwamba makleri wa Kanisa walishiriki katika utafiti huu tangu mapema. Mnamo Agosti 1908, mapadre wawili ndugu, Amédée na Jean Bouyssonie, walifukua huko La Chapelle-aux-Saints, nchini Ufaransa, mifupa ya mzee wa jamii ya Neanderthal aliyekuwa amepoteza meno yake mengi, akiwa amelazwa ndani ya shimo. Wao walisema kwamba mzee huyo alizikwa. Wataalamu walibishana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, na uchimbaji mpya uliochapishwa mwaka 2013 uliunga mkono kauli yao.

Akiolojia inaishia wapi

Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Mwaka 1954 mwanaakiolojia Mwingereza Christopher Hawkes alieleza kwamba mabaki ya kale hayasemi mambo yote kwa urahisi ulio sawa. Ni rahisi kujua zana zilitengenezwaje. Si vigumu sana kujua watu walikula nini. Ni vigumu zaidi kujua taratibu za jamii yao. Na vigumu kuliko yote ni kujua dini yao na maisha yao ya kiroho. Jembe la mtafiti hufukua mifupa, lakini halifukui sala.

Kwa hiyo mwamini asiseme kwamba kaburi la Kilifi limethibitisha kuwa watu wale waliamini uzima wa milele. Ndani yake hakikupatikana kitu chochote kilichowekwa kama zawadi au chakula cha safari. Vilevile, asiyeamini asiseme kwamba watu wale walikuwa kama wanyama tu. Mnyama aweza kukaa karibu na mzoga wa mtoto wake kwa siku kadhaa. Watu wale walichimba shimo, wakamviringisha mtoto, wakakilaza kichwa chake mahali laini, ijapokuwa kwa macho ya mwili hayo yote hayakumfaa tena kitu. Walimtendea aliyekufa kana kwamba bado ni mtu wao. Hadi hapo ushahidi unatufikisha, nao si haba.

Kanisa linafundisha nini

Umri wa miaka 78,000 usiitikise imani ya mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (283) inatambua kwamba tafiti za sayansi zimeongeza ufahamu wetu juu ya umri wa ulimwengu na kutokea kwa mwanadamu, nayo inaona katika hayo sababu ya kumtukuza Muumba. Kitabu cha Mwanzo hakikuandikwa ili kutuhesabia miaka.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, unafundisha kwamba tangu zamani za kale mataifa mbalimbali yamekuwa na utambuzi fulani wa ile nguvu iliyofichika inayoongoza mambo ya ulimwengu. Nayo hati ya Lumen Gentium (16) inaeleza kwamba wale wasioijua Injili pasipo kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yao kwa msaada wa neema, waweza kuupata wokovu. Zaidi ya hayo, katika Kanuni ya Imani tunakiri kwamba Kristo alishukia kuzimu. Katekisimu (634) inaeleza maana yake: kazi ya ukombozi inawafikia watu wa nyakati zote na mahali pote. Waliozikwa Kilifi na Qafzeh hawako nje ya nyakati hizo.

Kuhusu watoto wanaofariki bila Ubatizo, Katekisimu (1261) inafundisha kwamba Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, anayetaka watu wote waokoke, na kwamba tunaweza kutumaini kuwa iko njia ya wokovu kwa ajili yao. Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ilifafanua tumaini hilo katika hati yake ya mwaka 2007. Tumaini hilo haliwapi wazazi ruhusa ya kuchelewesha Ubatizo. Katekisimu inasisitiza kinyume chake.

Matumizi katika parokia zetu

Kuzika wafu ni tendo la huruma, na Tobiti alilitenda kwa kuhatarisha uhai wake. Hata hivyo, katika familia zetu wapo watoto waliozaliwa wafu, au waliofariki siku chache baada ya kuzaliwa, waliozikwa haraka nyuma ya nyumba, bila sala, na mama akaambiwa anyamaze kwa kuwa atapata mwingine. Tunasema kwa unyenyekevu kwamba hata sisi wachungaji pengine hatukufika. Sheria ya Kanisa (kanuni 1183 §2) inamruhusu Askofu wa mahali kutoa kibali cha mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia abatizwe, lakini akafariki kabla. Waamini waiombe huduma hiyo parokiani bila kuona haya, na viongozi wa jumuiya ndogondogo wawasindikize wazazi hao kama wanavyowasindikiza wafiwa wengine.

Wawindaji wa Panga ya Saidi hawakuwa na Maandiko wala Sakramenti, nao hawakumtupa mtoto wao. Sisi tuliobatizwa katika kifo na ufufuko wa Bwana tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Tutakapokwenda kubariki makaburi Novemba hii, tuwaombee na hao wadogo wasio na msalaba wala jina, pamoja na wale wa kale ambao Mungu peke yake aliijua imani yao.