Majina Kapuni, Mashine Hadharani: Historia ya Vifaa vya Studio Kabla Hujamwaga Hela

Wadau, leo hatumwagi ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo ubuyu ni wa mashine. Wahusika wote majina kapuni kama kawaida, wajuaji mtawajua wenyewe, ila vifaa tunavitaja kwa majina kamili, maana ndivyo vinavyowatoa watu hela.

Ukiwa na studio ya geto, iwe Mbagala, Kimara au Mwenge, kuna hatua lazima uifikie. Laptop ipo, maiki ipo, intafesi ipo, biti zinagonga. Halafu usiku unakutana na video ya prodyuza wa mamtoni, nyuma yake raki imejaa madude yenye taa na mishale inayocheza. Unajiambia, kumbe ndo maana ngoma zangu hazitoki kama zao! Asubuhi unaanza kuipigia hesabu kodi ya miezi sita.

Tulia kwanza. Kila dude kwenye ile raki lilizaliwa kutibu ugonjwa fulani. Kabla hujanunua dawa, jiulize kama unaumwa.

Kompresa ilitokea redioni

Miaka ya 1930 vituo vya redio vya Marekani vilikuwa na shida moja. Mtangazaji akipaza sauti ghafla, mtambo wa kurushia matangazo unazidiwa na sauti inaharibika. Mafundi wakatengeneza limita, yaani mlinzi wa mlangoni: sauti ikizidi kiwango, anaishusha.

Baadaye studio zikahamia kwenye utepe wa sumaku, na utepe nao una tabia zake. Ukirekodi sauti ndogo, inamezwa na ule mchakacho wa "shhhh". Ukirekodi kubwa mno, inakwaruza. Sasa msanii anayenong'ona kwenye ubeti halafu anapasua kwenye kiitikio unamfanyaje? Unambana kabla hajafika kwenye utepe.

Hapo ndipo yalipopata kazi madude mawili ambayo mpaka leo watu wanayaota. Teletronix LA-2A ya miaka ya 1960 inatumia taa na kipande kinachohisi mwanga, kwa hiyo inabana taratibu na kwa upole. Ya pili ni 1176 iliyotoka 1967. Hiyo inatumia transista na ni ya fasta, inadaka neno kabla halijatoroka.

Turudi geto. Wewe unarekodi kwenye kompyuta kwa biti 24. Mchakacho wa utepe haupo. Ukiacha kilele cha sauti kwenye desibeli 12 hivi chini ya kikomo, mnong'ono unasikika na kelele hazikwaruzi. Kumbana mtu mlangoni siku hizi ni suala la ladha tu. Na kuna hatari yake: ukimbana vibaya wakati wa kurekodi, hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Ukimbana baadaye kwa plagini, unajaribu mara mia bila hasara.

Mwangwi wa chooni

Injinia mmoja wa Chicago, mwaka 1947, alitaka mwangwi kwenye wimbo wa kundi la wapiga kinanda cha mdomo. Alitumia choo cha jengo. Ndiyo, choo. Spika inapiga sauti ndani, maiki inaidaka ikishagonga vigae, inachanganywa na sauti halisi. Wimbo ukawa hit kubwa. Huyo huyo ndiye aliyekuja kutengeneza ile 1176. Yaani baba wa dude linalowakosesha watu usingizi alianza kwa kutumia alichokuwa nacho.

Priampu iliyong'olewa kwenye meza

Sauti inayotoka kwenye maiki ni dhaifu sana, na priampu ndiyo inaikuza. Zamani hukununua priampu peke yake. Ilikuwa ndani ya meza kubwa ya kumiksia, imekaa humo pamoja na wenzake. Neve 1073, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1970, ilikuwa kipande kimoja tu cha meza ya aina hiyo. Meza zilipozeeka na studio kubwa kufungwa, watu waling'oa vipande, wakavifungia kwenye maboksi na kuviuza kimoja kimoja. Sehemu ya ile "sauti ya Neve" inayosifiwa inatokana na transfoma zilizomo ndani.

Je, hii unaihitaji? Jibu linategemea maiki yako.

Mwaka 1982, albamu mbili

Januari mwaka huo, staa wa roki wa New Jersey, tayari mkubwa kabisa, alijifungia chumbani kwenye nyumba ya kupanga. Alikuwa na Portastudio 144, mashine ya kaseti yenye treki nne iliyotoka 1979. Maiki zilikuwa Shure SM57 mbili. Mwangwi ulitoka kwenye Echoplex. Miksi ilishukia kwenye redio-kaseti ya Panasonic. Ilikuwa demo tu ya kuwaonyesha bendi. Wakaingia studio kubwa, wakarudia, haikukaa. Mwishowe kaseti ile ile, aliyokuwa akitembea nayo mfukoni bila hata kasha, ndiyo ikawa albamu. Mpaka leo inaheshimika.

Mwaka huo huo ikatoka albamu ya pop iliyokuja kuuza kuliko zote duniani. Injinia wake alikuwa na uwezo wa kuchukua maiki yoyote ile ya bei mbaya. Kwa sehemu kubwa ya sauti za staa wake alichagua Shure SM7, maiki ya kawaida kabisa.

Ila hapa msidanganyane. SM7 inataka ikuzwe sana, karibu desibeli 60. Nyuma yake kulikuwa na priampu za kibabe na chumba kilichojengwa kwa kazi hiyo. Ukiichomeka kwenye intafesi dhaifu utasikia upepo kuliko sauti. Kama maiki yako ni ya aina hiyo, priampu nzuri ni dawa kweli. Kama ni kondensa inayotumia volti 48, intafesi ya kawaida mara nyingi inakutosha.

Si mambo ya mbele tu

Wazee wetu wa muziki wa dansi walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima inapiga pamoja, magitaa, tarumbeta na waimbaji, na mtu akikosea watu wanarudia. Mafundi mitambo waliopanga nani akae karibu na maiki na nani arudi nyuma wengi hatuwajui hata kwa majina. Hilo ndilo kapu la kweli, na linauma. Miksi yao waliifanya kwa kumsogeza mtu hatua mbili. Leo ngoma zile bado zinasimamisha harusi.

Na mwaka 2019, dada na kaka wa Los Angeles walitoa albamu waliyoirekodi chumbani kwa kaka. Januari 2020 ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka.

Hela ianzie wapi?

Fuata njia ya sauti yenyewe. Inaanzia mdomoni, inazunguka chumbani, inaingia kwenye maiki, priampu, halafu kompyuta. Kosa la mwanzo wa njia haliponyeshwi mwisho wa njia. Kwa hiyo anza na chumba: godoro ukutani, mablanketi mazito, kabati la nguo nyuma ya msanii, feni izimwe. Kisha maiki ambayo ni orijino na inaendana na sauti yako. Kisha kinachoikuza.

Halafu umeme. Ule mvumo wa "mmmm" kwenye spika ni umeme wetu wa hezi 50 ukipenya, mara nyingi kwa sababu ya waya wa ardhini. Na dude la mtumba kutoka Marekani linaweza kuwa la volti 120. Ukilichomeka kwenye 230 ya Bongo, moshi utaouona si wa steji.

Ukishamaliza hayo yote na bado unaisikia shida ambayo raki pekee ndiyo inaitibu, nunua kwa amani.

Haya, mpira kwenu. Wewe hela yako ya kwanza ya studio ilienda kwenye nini, na ilikulipa? Shusha komenti. Na kama babu au mjomba wako alikuwa fundi mitambo RTD, mtaje jina. Huyo hatutaki akae kapuni.